Kutoa ni moyo, kweli kabisa

Leo sina stori za bumu kuchelewa wala foleni ya kafteria. Nina swali la historia linalonisumbua tangu mwaka 2017, mdogo wangu alipofanyiwa upasuaji wa moyo: familia iliyorudishiwa mtoto wake mzima inalipa nini? Sisi watu wa Ujiji tukishukuru tunabeba dagaa na mawese. Bi mkubwa alibeba kweli, dumu zima! Muuguzi mmoja akacheka, akamwambia, "Mama, asante sana, lakini ukitaka kutulipa tuletee watu wa kutoa damu."

Kauli hiyo ina historia ndefu, jamani.

Ugumu wa kupasua moyo ni kwamba moyo hauna likizo. Ukiusimamisha ili uzibe tundu, damu haifiki kwenye ubongo, na dakika chache tu zinatosha kuua. Mwaka 1954, kule Minneapolis, Marekani, daktari C. Walton Lillehei alipata jibu la ajabu. Alimlaza mtu mzima, mara nyingi mzazi, kwenye meza ya pili, akaunganisha mirija, na moyo na mapafu ya mzazi yakafanya kazi ya mtoto wakati daktari anashona. Yaani baba ndiye aliyekuwa mashine! Wagonjwa 45 walipasuliwa kwa njia hiyo, na 28 wakatoka hospitali wakiwa hai. Wengi waliipinga, maana meza mbili zingeweza kuleta misiba miwili. Baadaye mashine ya moyo na mapafu, ambayo John Gibbon alifanikiwa kuitumia mwaka 1953, iliboreshwa ikachukua nafasi ya mzazi. Lakini mashine haitengenezi damu. Damu mpaka leo inatoka kwa mtu.

Huku kwetu jibu la miaka mingi lilikuwa ndege. Mtoto mwenye tundu kwenye moyo alipelekwa nje, hasa India, kwa fedha za serikali au za wahisani. Lions Club ya Dar es Salaam pamoja na Dk. Rajni Kanabar walihangaika sana na safari hizo, na Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019, aliwalipia watoto wengi. Wengine, wa Zanzibar na wa bara, walikwenda Holon, Israel, kupitia shirika la Save a Child's Heart. Mwanzilishi wake, daktari Ami Cohen, alifia hapahapa Tanzania mwaka 2001, akiwa anapanda Kilimanjaro. Sasa niambieni, mvuvi wa Kibirizi angewalipa nini watu kama hao?

Hapo ndipo historia inaponifurahisha. Mwaka 2008 upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili. Mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, ikaanza kujitegemea, kwenye jengo lililojengwa kwa msaada wa China. Na Dk. Godwin Godfrey, Mtanzania aliyesomea upasuaji wa mioyo ya watoto kulekule Holon, alirudi kufanya kazi nyumbani, Bugando ya Mwanza na baadaye JKCI. Mmeona? Waliomfundisha hawakupelekewa dagaa. Malipo yao yalikwenda kwa mtoto mwingine kabisa, ambaye hata hawamjui.

Nadhani hiyo ndiyo kanuni. Deni la moyo haliendi kwa aliyekukopesha, linaenda kwa anayefuata kwenye foleni.

Marekani familia nyingi hulipa kwa kuchangisha fedha, kupeleka midoli na blanketi wodini, au kukimbia mbio za hisani. Na sisi tunazo: mwaka 2020 mbio za CRDB Bank Marathon zilianza kwa kuchangia upasuaji wa watoto JKCI. Safi sana. Ila mbio za Dar ni za mtu aliye Dar. Kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, sisi tuko kilomita kama 1,250 kutoka huko. Mama muuza migebuka hawezi kufunga safari hiyo kwenda kukimbia, hata awe na shukrani kiasi gani.

Lakini ana vitu viwili vya thamani.

Cha kwanza ni mdomo. Karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, na asiyejulikana hapandi treni. Mama aliyepitia hayo anazijua dalili: mtoto anatoka jasho na kuhema akinyonya, haongezeki uzito, midomo inakuwa ya bluu, akicheza anachuchumaa kupumzika. Bi mkubwa siku hizi akimwona mtoto wa hivyo pale Ujiji hasubiri kuulizwa. Anamwambia mzazi aache maneno ya kulogwa, waende Maweni mtoto akapimwe. Kuna mzazi alimnunia wiki mbili, halafu akaenda. Hayo ni malipo, tena makubwa.

Cha pili ni damu. Hela unaweza kuiweka benki miaka, lakini damu iliyotolewa leo hukaa kwenye jokofu kama siku 35 tu. Kwa hiyo hakuna tajiri anayeweza kutoa mara moja akamaliza kazi. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Na sehemu kubwa ya damu Tanzania hutolewa na wanafunzi, ndiyo maana shule zikifungwa akiba inapungua. Yaani wakati sisi tunapanga mabegi kwenda likizo, kuna mtoto anaahirishiwa upasuaji.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Mimi naenda kutoa Jumamosi hii, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nataka watu watano wa kwenda nao. Kuleni vizuri Ijumaa, kunyweni maji ya kutosha, na anayeogopa sindano aje tu, tutamshika mkono.

Naomba kuwasilisha.