Nani Atasoma Ilichoandika Mashine?

Mzazi wa mji wa Mulongo, huko Kongo, anayeuza samaki wa mto Lualaba ili mtoto wake akasome informatiki Kamina au Lubumbashi ana haki ya kuuliza: ikiwa akili mnemba inaandika programu yenyewe, karo hii ni ya nini? Swali hilo lina umri mkubwa kuliko yeye. Limeshaulizwa mara kadhaa tangu kompyuta zianze, na waliolijibu harakaharaka waliumbuka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuandika programu kulikuwa kazi ya kuchosha kupita kiasi. Mtu alipanga maagizo moja moja kwa lugha ya mashine yenyewe, iliyokaribia kuwa namba tupu, na kosa dogo lilimrudisha mwanzo. Novemba 1954 kundi la John Backus katika kampuni ya IBM lilitoa taarifa kuhusu lugha mpya, FORTRAN. Waliahidi kwamba kazi ya kuandika msimbo na kusaka makosa yake itakaribia kwisha kabisa. Lugha ilitoka mwaka 1957, na kwa upande mmoja ahadi ilitimia: kupanga namba kulibaki kwa wachache. Waandishi wa programu, badala ya kupungua, waliongezeka. Kazi iliporahisika, watu waliomba mambo ambayo awali hawakuthubutu kuyaomba.

Ikafuata COBOL, iliyoanza kubuniwa mwaka 1959 ili isomeke karibu kama Kiingereza cha kawaida, wakubwa wa ofisi waweze kuifuatilia wenyewe. Wakubwa hawakuifuatilia. Mwaka 2000 ulipokaribia na tarehe ndani ya mashine zikatishia kuvuruga hesabu, wazee waliokwisha kustaafu waliitwa warudi, kwa kuwa ndio waliobaki wakielewa yaliyoandikwa kwa COBOL.

Kichekesho changu ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1981. Huko Uingereza iliuzwa programu iliyomuuliza mtumiaji maswali, kisha ikamtengenezea programu aliyoitaka. Waliiita The Last One, wakidai kwamba baada yake hakuna nyingine itakayohitaji kuandikwa na mtu. Leo wanaoikumbuka ni wachache.

Je, safari hii nayo ni yale yale? Nadhani sivyo, na hapo ndipo watu wanaobeza akili mnemba wanapokosea. FORTRAN ilikuwa mkalimani mwenye kanuni: neno lile lile, jibu lile lile. Zana kama GitHub Copilot, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021, zimejifunza kutokana na msimbo mwingi ulioandikwa na watu, nazo hukisia kinachofuata. Mara nyingi hukisia vizuri ajabu. Zikikosea, kosa huja limevaa nadhifu kama jibu sahihi. Mwaka 2025 shirika la utafiti la METR liliwapima waandishi 16 wazoefu wakifanya kazi katika programu walizozijua vizuri. Waliporuhusiwa kutumia zana hizo walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, ilhali wao wenyewe waliamini wameokoa asilimia 20. Zana zinabadilika haraka, na sitashangaa kipimo kingine kikitoa matokeo tofauti. Kinachonishughulisha ni ule umbali kati ya walichoamini na kilichotokea.

Kwamba kilichoandikwa huhitaji mtu anayejua kukisoma, nchi ya Waluba, anakotoka mzazi wetu wa Mulongo, inalijua kwa njia yake. Lukasa ni kibao cha mti kinachoshikika kwa mkono mmoja, chembamba katikati, uso wake umepambwa kwa shanga na makombe au umechorwa kwa kuchongwa. Msomaji wake alitoka chama cha Mbudye, miongoni mwa wale walioitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Alikishika kwa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kikipita juu ya shanga. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo ungeweza kuwa mfalme na watu wake; mstari wa shanga, njia au safari. Hapo angesimulia chimbuko la ufalme wa Waluba: ujio wa mwindaji Mbidi Kiluwe, na jinsi mwanawe Kalala Ilunga alivyomwangusha mtawala Nkongolo Mwamba, na nani ana haki gani mbele ya mfalme. Mwanahistoria Thomas Reefe alikiandikia makala mwaka 1977. Watafiti Mary Nooter Roberts na Allen Roberts wakafuata na maonyesho makubwa New York mwaka 1996. Kibao hicho hicho kilisomwa kwa namna tofauti kulingana na msomaji, hadhira na shauri lililoletwa, na kwa hiyo kuiva katika Mbudye kulidai mafunzo ya hatua kwa hatua. Lukasa moja iko katika jumba la makumbusho la Brooklyn. Shanga zipo, aliyezisoma hayupo.

Programu isiyo na msomaji ina hatari zaidi, kwa sababu yenyewe haikai kimya ndani ya kabati la kioo. Inaendelea kukata pesa kwenye simu za watu, kupanga dawa, kuhesabu kura.

Msomaji naye hupatikana kwa kuanzia chini, akirekebisha vijimakosa chini ya macho ya mkubwa wake. Ngazi hiyo ndiyo inayotikisika. Andela, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2014 kuwafunza vijana wa Afrika na kuwaunganisha na waajiri wa ng'ambo, iliwaachisha kazi takriban vijana 400 wa Nigeria, Kenya na Uganda mwezi Septemba 2019. Wateja walitaka wazoefu. Hiyo ilikuwa kabla ya Copilot; sasa kazi ndogondogo za wanagenzi ndizo mashine inazozimudu upesi zaidi, na sijaona kampuni iliyoeleza vizuri wazoefu wa kesho watatoka wapi.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzazi wa Mulongo ni alipe, lakini kwanza aende chuoni akaulizie mtihani. Kama mwanafunzi anadaiwa tu kutoa programu inayokwenda, simu itamfanyia. Kama anapewa kurasa mbili za msimbo alioandika mwingine, akae nazo bila mashine, aonyeshe mstari wenye kosa na aeleze litamuumiza nani, hiyo ni karo halali.