Ugomvi wa galiamu uliolipatia heshima jedwali la elementi

Agosti 27, 2025, elementi ya galiamu ilitimiza miaka 150 tangu igunduliwe. Wanafunzi wengi wanaokariri elementi 20 za kwanza usiku wa kuamkia mtihani huenda hata hawaijui, maana iko nafasi ya 31. Lakini galiamu ndiyo iliyowafanya wanasayansi waanze kuliamini jedwali linalobandikwa leo kwenye kuta za maabara za shule.

Mwanzo wa jedwali unafahamika. Mwaka 1869 Dmitri Mendeleev, profesa wa kemia mjini St. Petersburg, akiwa anaandika kitabu cha kiada, alizipanga elementi 63 zilizojulikana kwa kufuata uzito wa atomu na tabia zake. Palipokosekana elementi ya kufaa, aliacha pengo. Mwaka 1871 akatabiri kwamba chini ya alumini kuna metali ambayo bado haijaonekana: uzito wa atomu karibu 68, densiti 5.9 hivi, tena huyeyuka kwa joto dogo.

Miaka minne baadaye Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran, mtoto wa ukoo wa wauza mvinyo wa Cognac, alikuwa akichunguza mawe ya zinki yaliyochimbwa Pierrefitte, milima ya Pyrenees. Ndani ya spektroskopu, kifaa cha kuchambua mwanga, ikajitokeza mistari miwili ya zambarau ambayo hakuna elementi iliyojulikana kuwa nayo. Metali mpya akaiita galiamu, kwa heshima ya nchi yake.

Hapo ndipo mzozo ulipozuka. Mendeleev alizisoma habari hizo, na Novemba 1875 akaandika katika jarida la Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kwamba metali hiyo ndiyo aliyoitabiri. Lecoq hakupendezwa. Alisema hakuwa ameusoma utabiri huo. Njia iliyomfikisha kwenye galiamu ilikuwa yake mwenyewe. Tena vipimo vilikuwa upande wake, kwani densiti aliyoipata ilikuwa 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwa na hata chembe ya galiamu, alishikilia kwamba sampuli haikuwa safi na ipimwe upya. Ulikuwa ujasiri mkubwa, mtu aliye Urusi kumsahihisha mgunduzi mwenye metali mkononi. Mwaka 1876 Lecoq akaisafisha, akapima tena. Ikatoka 5.9.

Skandiamu mwaka 1879 na germaniamu mwaka 1886 zikajaza mapengo mengine. Mwaka 1913 mwanafizikia Henry Moseley akaonyesha kuwa mpangilio sahihi ni wa namba ya atomu, si uzito wake. Leo elementi ni 118.

Galiamu huyeyuka kwenye nyuzi 29.8, hivyo mchana wa Januari jijini Dar es Salaam inaweza kugeuka kimiminika juu ya meza, bila moto. Misombo yake ndiyo inayotoa mwanga katika taa za LED tunazowasha majumbani. Ni hasara kubwa kwamba wanafunzi wetu hukabidhiwa jedwali lililokwisha kujazwa, wakaambiwa walikariri. Walimu wa kemia, mnaporudia mada hii kabla ya mtihani, choreni ubaoni jedwali la mwaka 1871 na mapengo yake, kisha waacheni wanafunzi watabiri wenyewe kinachokosekana.