Shujaa, mkongwe, askari mstaafu: maneno ya kuwataja waliopigana vita

Shujaa (nomino, wingi *mashujaa*). Mtu asiyeogopa hatari. Mtu aliyetenda jambo kubwa kwa ajili ya wengine, hasa vitani. Asili: Kiarabu.

Upatanisho. Ingawa wingi huanza kwa *ma-*, nomino hii hufuata ngeli ya A-WA: *shujaa huyu, mashujaa wetu*. Si sahihi kuandika *mashujaa yetu*.

Siku za kitaifa. Maana ya neno hubadilika kulingana na nchi. Nchini Tanzania, Siku ya Mashujaa huadhimishwa 25 Julai kuwakumbuka waliofariki wakiitetea nchi, wakiwemo askari wa Vita vya Kagera (1978–1979) waliozikwa Kaboya, mkoani Kagera. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara. Mpiganaji aliye hai huweza kuhudhuria, lakini siku yenyewe ni ya marehemu. Nchini Kenya, 20 Oktoba iliitwa Siku ya Kenyatta hadi Katiba ya 2010 ilipoipa jina la Siku ya Mashujaa. Huko shujaa huweza kuwa hai au marehemu, askari au raia. Wapiganaji wa Mau Mau, walioitwa magaidi na serikali ya kikoloni na ambao chama chao kilibaki marufuku hadi 2003, leo hutajwa kwa neno hili.

Maneno jirani

*Askari mstaafu*: aliyemaliza utumishi kwa mujibu wa umri au muda. Neno halionyeshi kwamba alipigana vita. Kijana wa Keya aliyeachishwa jeshi baada ya vita kwisha mwaka 1945 hakustaafu. Afadhali aitwe *askari wa zamani*.

*Mkongwe*: mzee sana; pia mwenye uzoefu mrefu, kama *mwanamuziki mkongwe*. Likisimama peke yake husisitiza uzee, hivyo huhitaji kijalizo: *mkongwe wa vita*.

*Mpiganaji wa zamani*: hufaa kwa aliyepigana, hata kama hakuwa katika jeshi la serikali.

*Mpagazi*: mbeba mizigo. Wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kikosi chao kiliacha jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, hawakuwa askari, lakini walikufa kwa maelfu. Tafsiri inayotaja *askari* pekee huwaondoa katika historia.

Kwa watafsiri. Marekani ina siku mbili tofauti: 11 Novemba huwaheshimu wote waliotumikia jeshi, hasa walio hai, Jumatatu ya mwisho ya Mei huwakumbuka waliofia vitani. Zote mbili zikiitwa *Siku ya Mashujaa*, msomaji wa Tanzania atadhani wanaopongezwa Novemba wamekwisha kufa. Ya kwanza na iitwe *Siku ya Wanajeshi wa Zamani*. Ya pili, *Siku ya Kuwakumbuka Waliofia Vitani*. Vitenzi navyo vitofautishwe: walio hai *hushukuriwa* na *huheshimiwa*, marehemu *hukumbukwa*. *Kuenzi* hufaa kwa wote.

Mifano

- Taifa liliwakumbuka mashujaa waliozikwa Kaboya.
- Wanafunzi waliwashukuru wanajeshi wa zamani waliofika shuleni.
- Babu yake, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, alienziwa akiwa hai.