Peter Walker hakuamini kwamba amplifaya yake ina sauti

Kuna ubishi ambao ukiuanzisha kwenye kibanda cha fundi redio, chai itapoa kabla haujaisha: mitambo ya muziki ya zamani ilikuwa na sauti nzuri kuliko ya sasa, au ni sisi tu tuna kumbukumbu tamu? Mjomba wangu yuko upande wa kwanza na habadiliki. Ana amplifaya ya Kijapani ya miaka ya sabini, nzito kama jiwe la kusagia, aliyoinunua mtumba, na kila nikimtembelea lazima anikalishe mbele ya spika. "Sikiliza hiyo besi, mjomba," ananiambia (tunaitana mjomba kwa mjomba). "Siku hizi hawatengenezi kitu kama hiki."

Kwa muda mrefu nilikaa kimya kwa heshima. Lakini nimesoma sauti na saketi kwa miaka kadhaa sasa, na kimya kimenishinda. Nataka kumjibu kupitia mtu ambaye mashabiki wa mitambo ya zamani duniani kote wanamtaja kwa kicho, Mwingereza aitwaye Peter Walker. Ajabu yake ni kwamba mtu huyo mwenyewe, kama angekaa pale sebuleni, asingekuwa upande wa mjomba.

Walker alizaliwa mwaka 1916. Mwaka 1936, akiwa na miaka 20 tu, alifungua kampuni ndogo London, Acoustical Manufacturing Company, ya kutengeneza vipaza sauti vya mikutano na kumbi. Vita vikaja, mabomu yakaanguka London, na mwaka 1941 kampuni ikahamia mji mdogo wa Huntingdon. Huko ilikaa zaidi ya miaka 50. Vita vilipokwisha, Walker aligeukia nyumba za watu. Jina la bidhaa zake, Quad, linatokana na herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya amplifaya bora ya nyumbani. Hakuna mbwembwe hapo. Ni kama kuita duka lako "Duka".

Mwaka 1953 ikatoka Quad II. Ukiiona picha yake utaielewa hamu ya watu: kibati kidogo cha rangi ya shaba hivi, transfoma mbili, na valvu zake zimesimama kama chupa ndogo zinazowaka. Nguvu yake ni wati 15. Ndiyo, 15. Subwoofa ya dukani leo inaandikwa wati elfu kadhaa kwenye boksi, na hilo ni somo la siku nyingine.

Sasa twende polepole kidogo kwenye fizikia, kwa sababu hapa ndipo ubishi wote ulipo.

Kazi ya amplifaya ni moja: kuchukua mawimbi madogo ya umeme na kuyatoa yakiwa makubwa, bila kubadilisha umbo lake. Valvu peke yake haiwezi kazi hiyo vizuri, na transista pia haiwezi. Zote zinapindisha wimbi. Dawa yake ilipatikana mwaka 1927, pale Harold Black, mhandisi wa Bell Labs, alipokuwa ndani ya kivuko akienda kazini New York. Wazo lenyewe: chukua sehemu ya kinachotoka, kirudishe mlangoni kikiwa kimegeuzwa, kilinganishwe na kinachoingia. Tofauti yoyote ni kosa, na saketi inajisahihisha. Black alilichora wazo hilo juu ya gazeti alilokuwa nalo mkononi. Miaka 20 baadaye, 1947, Mskoti D.T.N. Williamson alichapisha kwenye jarida la Wireless World mchoro wa amplifaya iliyotumia marejesho hayo kwa ustadi kiasi kwamba upindishaji ulishuka chini ya asilimia 0.1. Mchoro ulikuwa wazi kwa kila mtu, na mafundi wa majumbani dunia nzima wakaanza kuchoma risasi.

Unaona tunakoelekea? Kama amplifaya mbili zote hazipindishi wimbi kiasi ambacho sikio linaweza kukamata, basi zote mbili zina sauti ileile, yaani hazina sauti yoyote ya kwao. Hiyo ndiyo imani ya Walker. Kwake amplifaya nzuri ilikuwa kama kioo safi cha dirisha: hukai ukakisifia kioo. Aliwahi kusema kwenye mahojiano kwamba Quad II waliibuni, wakaipima, wakaitengeneza na kuipeleka sokoni bila kukaa kuisikiliza. Na zile zilizofuata vilevile.

Rudia kusoma sentensi hiyo. Amplifaya ambayo leo watu wanaitafuta kwa sababu ya "sauti yake tamu" ilitengenezwa na mtu ambaye hakuona haja ya kuisikiliza.

Usidhani hakupenda muziki. Alikuwa mpiga fluti. Na nguvu zake za kusikiliza alizielekeza mahali penye tatizo la kweli, yaani spika. Kuanzia mwaka 1954 alishirikiana na Gilbert Briggs, mwenye kampuni ya spika ya Wharfedale, kufanya maonyesho ambayo ningelipa kiingilio chochote kuyaona. Walikodi Royal Festival Hall, ukumbi mkubwa wa London wenye viti zaidi ya 2,500, wakaweka jukwaani wanamuziki halisi na spika kando yao. Mwanamuziki anapiga, kisha rekodi inapiga, watu wanalinganisha. Mwaka 1955 wakavuka bahari na kufanya hivyo Carnegie Hall, New York. Ni ujasiri mkubwa kumweka mteja wako mahali ambapo anaweza kukuona umeshindwa.

Halafu ikaja spika yenyewe. Spika unayoijua ina koni ya karatasi inayosukumwa na sumaku. Koni ina uzito, na kitu kizito kikishaanza kutikisika hakitaki kusimama. Ukigonga ngoma mara moja, koni inaendelea kunong'ona kidogo baada ya mlio kuisha. Walker, akisaidiana na Williamson yuleyule, akaondoa koni na sumaku kabisa. Badala yake akatanda utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele katikati ya mabati mawili yenye matundu. Utando unachajiwa kwa umeme mkali, kama volti 6,000 kwenye sehemu ya besi, na mawimbi ya muziki yanapopita kwenye mabati unavutwa huku na kusukumwa kule, wote kwa pamoja. Utando huo ni mwepesi kiasi kwamba hewa inayougusa ndiyo inayoutuliza. Spika hiyo iliingia sokoni mwaka 1957 na ikatengenezwa hadi 1985. Kwa umbo inafanana na hita ya umeme iliyopinda, na watu wengi walidhani ndiyo hiyo.

Ilikuwa na matatizo yake, na mashabiki huwa hawayataji. Ukiongeza sauti kupita kiasi, umeme unaruka ndani na kutoboa utando. Besi ya kutikisa vioo haina. Ukikaa pembeni badala ya katikati, sauti kali zinapotea. Lakini kwa sauti ya mtu anayeimba, hata wahandisi wasiopenda maneno matamu waliikubali. Vipimo vinaonyesha kwa nini: wimbi linaloingia na linalotoka vinafanana sana. Kwa hiyo kwenye spika namwachia mjomba nusu pointi. Kuna kitu cha zamani ambacho kilikuwa bora kweli, na ubora wake unapimika.

Turudi kwenye amplifaya. Miaka ya sabini ubishi uliwaka Uingereza kama unavyowaka kwenye kibanda cha fundi. Transista zilikuwa zimechukua soko, na wasikilizaji wengi walilalamika kwamba zina sauti kavu, kwamba valvu zilikuwa na "joto". Quad yenyewe ilishahamia transista mwaka 1967 kwa modeli ya 303, na mwaka 1975 ikatoa 405, ambayo ndani yake kuna ujanja ninaoupenda sana. Kuna amplifaya ndogo yenye mkono mtulivu, na kuna transista kubwa zenye nguvu lakini zisizo makini. Kubwa zinabeba mzigo, ndogo inarekebisha makosa yao palepale. Fikiria mzee fundi seremala mmoja na vijana wabebaji wanne: vijana wananyanyua kabati, mzee anagusa tu kidogo ili likae sawa.

Basi, mwaka 1978 mhandisi James Moir alisimamia jaribio. Amplifaya tatu za Quad: ile ya valvu ya 1953, ile ya 1967, na ile ya 1975. Wasikilizaji walikuwemo watu wenye uzoefu, na baadhi walikuwa na uhakika kwamba tofauti ipo. Muziki uleule, kiwango cha sauti kilekile, na msikilizaji haoni ni ipi inapiga. Matokeo yalichapishwa Wireless World mwaka huohuo: hawakuweza kuzitofautisha kwa kiwango kinachozidi kubahatisha. Miaka 22 ya teknolojia, na sikio halikuona mlango.

Mambo mawili hufanya jaribio kama hili lihitajike. La kwanza, ukubwa wa sauti. Ukiongeza sauti kidogo sana, kiasi ambacho hutambui kwamba imeongezeka, ubongo hausemi "imepanda". Unasema "ni nzuri zaidi". Wauzaji wanalijua hilo. La pili ni macho. Kabla hata ya wakati wa Walker, kuanzia 1915, kampuni ya Thomas Edison ilizunguka Marekani ikionyesha gramafoni yake kando ya waimbaji halisi, na watazamaji walitoka wakidai hawakuona tofauti. Gramafoni ya 1915! Ukiisikia leo utacheka. Watu husikia walichoandaliwa kusikia, na amplifaya yenye uso wa alumini, taa za bluu na uzito wa kilo 20 inakuandaa vizuri sana.

Nililifanya jaribio hilo sebuleni kwa mjomba. Amplifaya yake upande mmoja, upande wa pili kiamplifaya changu kidogo cha kisasa kinachoingia mfukoni. Nilisawazisha volti kwa mita, nikafunika vyote kwa kanga, tukapiga mizunguko 12. Mjomba alipatia 7. Mtu anayerusha sarafu anapata 7 au zaidi karibu mara 4 kati ya 10, kwa hiyo hapo hatuna ushahidi wowote. Mjomba alisema kanga ndiyo iliyozuia sauti.

Nikiri pia kwamba mizunguko 12 na msikilizaji mmoja si utafiti. Na kuna jambo linalofanya hamu ya vitu vya zamani iwe ngumu zaidi kuliko nilivyotaka iwe: kitu cha zamani leo si kitu kilekile. Kapasita za miaka ya hamsini na sabini zinakauka au zinavuja. Valvu zinachoka. Mtu anayenunua Quad II ambayo haijaguswa tangu 1960 na kusifia ulaini wa sauti yake, huenda anasifia vipuri vilivyoharibika. Walker angeipeleka mezani ikatengenezwe.

Na meza hiyo ilikuwepo. Hapa ndipo nadhani mjomba ana hoja ambayo haisemi vizuri. Quad haikutoa modeli mpya kila mwaka. Spika ile ya 1957 ilidumu sokoni miaka 28, na iliyofuata, ESL-63, ilianza kufanyiwa kazi mwaka 1963 ikauzwa mwaka 1981. Mchoro wa saketi ulichapishwa ndani ya kijitabu cha maelezo alichopewa mteja. Kikiharibika unakirudisha Huntingdon, na kiwanda kinakipokea hata kama kina umri wa mtu mzima. Jaribu kufungua spika ya bluetooth uliyonunua mwaka jana. Imegundishwa kwa gundi, betri imechomewa, na mchoro hauupati popote.

Kampuni iliuzwa mwaka 1995, ikauzwa tena miaka miwili baadaye, na uzalishaji ukahamia China. Walker alifariki mwaka 2003. Jina la Quad bado lipo, na kati ya vitu linavyouza ni amplifaya mpya za valvu zenye sura ya ile ya 1953, kwa watu wanaotaka sauti ambayo mbunifu wake alisema haipo.

Mjomba naye, wiki mbili zilizopita, alinipigia simu: upande wa kulia umeanza kukwaruza. Nilifungua kifuniko, nikaona kapasita mbili zimevimba, namba zake zinasomeka vizuri tu, kila skrubu inatoka kwa bisibisi ya kawaida. Jumamosi nampelekea mpya. Ameshaniuliza kama sauti itabadilika.