Gari linapogoma kuwaka: sikiliza kabla ya kununua kipuri

GARI linapokataa kuwaka asubuhi, wamiliki wengi hukimbilia kununua betri mpya, au humwachia fundi abadilishe kipuri kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha. Matokeo yake ni fedha kuteketea huku tatizo likibaki pale pale. Hata hivyo, injini yenyewe hutoa dalili ambazo hata asiye fundi anaweza kuzitambua.

Ili iwake, injini ya petroli huhitaji mambo manne: izungushwe na stata kwa kasi ya kutosha, ipate mafuta, ipate hewa inayoshindiliwa vyema ndani ya silinda, na plagi zitoe cheche kwa wakati wake. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: unapopiga stata, injini inazunguka au haizunguki?

Iwapo haizunguki, washa taa kubwa. Zikiwa hafifu, au zikififia unapopiga stata huku ukisikia mlio wa “ta-ta-ta”, mshukiwa wa kwanza ni betri. Kabla ya kuinunua nyingine, kagua vichwa vyake, kwani kutu au kishikio kilicholegea hutosha kuzuia umeme. Betri ya volti 12 iliyojaa chaji husoma takriban volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Ikisoma chini ya volti 12, chaji imekwisha.

Taa zikibaki angavu huku ukisikia “tak” moja tu, au kimya kabisa, huenda kasoro ipo kwenye stata au nyaya zake. Kwa gari la otomatiki, hakikisha kwanza kuwa gia ipo kwenye P au N.

Gari likiwaka kwa kuazima umeme wa betri nyingine, kisha likagoma tena kesho yake, pima betri injini ikiwa inanguruma. Kwa magari mengi kipimo huwa kati ya volti 13.5 na 14.5. Kikiwa pungufu, chunguza alternata na mkanda wake.

Iwapo injini inazunguka vizuri lakini haiwaki, chunguza mafuta na cheche. Usiutegemee mno mshale wa geji, kwani hukwama. Washa swichi bila kupiga stata. Katika magari mengi ya petroli ya kisasa, pampu ya mafuta husikika ikivuma kwa sekunde chache. Ikiwa kimya, kagua fyuzi na relei yake kabla ya kununua pampu. Aidha, alama ya ufunguo ikimetameta kwenye dashibodi, huenda mfumo wa kuzuia wizi haujautambua ufunguo. Jaribu ule wa akiba.

Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, acha mara moja. Huenda mkanda wa taiming umekatika, na kuendelea kwaweza kuharibu valvu.

Vilevile, gari lililozimika ndani ya maji, kama yanayofurika barabarani Dar es Salaam wakati wa masika, lisipigwe stata kamwe. Maji hayashindiliki, yakiwa ndani ya silinda yaweza kupinda konrodi za pistoni, na hasara ikawa injini nzima.

Kwa vyovyote vile, usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, ipumzishe kwanza. Fundi akifika, mweleze ulichosikia na ulichopima, naye athibitishe kasoro kabla hujalipia kipuri.