Usiku wa kwanza wa BBA: bendera 12, jumba moja

Wadau, mimi ni mshabiki wa usiku wa kwanza. Fainali za haya mashindano ya luninga hazinipi raha sana: mmoja anachukua mshiko, wengine wanalia, taa zinazimwa. Usiku wa kwanza ndio mtamu. Kila anayeingia ni jina na nchi tu, basi. Hajatukera, hajatuchekesha, hajampenda mtu wala kugombana na mtu. Ni bendera inayotembea na sanduku la nguo.

Leo naomba turudi kwenye usiku mmoja kama huo, Jumapili ya tarehe 25 Mei 2003, Big Brother Africa ilipofungua mlango wake kwa mara ya kwanza.

Tuanzie mbali kidogo. Shindano lenyewe lilizaliwa Uholanzi mwaka 1999, mikononi mwa John de Mol na kampuni ya Endemol. Jina lilitoka kwenye riwaya ya George Orwell ya mwaka 1949, ile yenye mtawala anayemchungulia kila raia. Nchi nyingine zilifanya shindano la nchi moja, M-Net ya Afrika Kusini wakalifanya la bara. Vijana 12 kutoka nchi 12, jumba moja Johannesburg, siku 106, kamera kila kona, zawadi dola 100,000. Sisi tukampeleka Mwisho Mwampamba. Wakenya walikuwa na Alex Holi, Waganda Gaetano Kagwa, Wazambia Cherise Makubale.

Sasa itazameni ile tarehe. Tarehe 25 Mei ni Siku ya Afrika. Siku kama hiyo mwaka 1963 wakuu wa nchi walikaa Addis Ababa wakaunda OAU. Yaani jumba lile lilifunguliwa siku OAU ingetimiza miaka 40, kama isingekuwa imeshageuzwa kuwa Umoja wa Afrika mwaka mmoja nyuma. Kalenda nayo ina utani wake!

Na walioingia ni akina nani? Binti wa Angola, nchi ambayo vita vyake viliisha 2002. Kijana wa Namibia, nchi iliyotawaliwa na Makaburu mpaka 1990. Mwenyeji wao ni Afrika Kusini, ambayo kabla ya 1994 wengi wa wananchi wake hawakuwa na kura, na ambayo jeshi lake lilipigana ndani ya Angola hiyohiyo. Halafu Mtanzania, kutoka nchi ambayo mji wake wa Dar es Salaam ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Miaka 15 kabla ya hapo, kuwakutanisha vijana wa bendera hizo Johannesburg, jikoni, wakigombea zamu ya kuosha vyombo, kungekuwa ndoto ya mchana. Mwaka 2003 watu waliangalia wakaona kawaida tu. Hiyo kawaida ndiyo historia yenyewe.

Lakini kilichonifanya niandike ni ile kura. Kwenye BBA kura za simu hazikujumlishwa zote kapu moja. Zilihesabiwa nchi kwa nchi, na kila nchi mwisho wa siku ilikuwa na kura moja. Nigeria yenye watu zaidi ya milioni 120 ilikuwa sawa na Botswana isiyofikisha milioni mbili. Ni utaratibu uleule wa OAU. Maana yake nini? Hata nyumbani kwenu wakikupenda wote, wanakupa kura moja. Zilizobaki ni za watu wasioijua mitaa yenu, na hao ndio unapaswa kuwavutia kuanzia usiku wa kwanza.

Ndiyo maana mshindi wa kwanza alitoka Zambia, na wala si kwenye nchi kubwa. Mwisho wetu akawa wa pili. Jina lilimfaa, maana alikaa hadi mwisho. Mwaka 2007 Richard Bezuidenhout akaleta ushindi Bongo. Mwaka 2013 Dillish Mathews wa Namibia, nchi ya watu kama milioni mbili, akachukua dola 300,000. Mwaka 2014 jumba liliungua moto siku chache kabla ya ufunguzi, usiku wa kwanza ukasogezwa kutoka Septemba hadi Oktoba, na mwishowe Idris Sultan akaurudisha ushindi Tanzania.

Wakubwa hawakufurahi. Agosti 2003 Bunge la Malawi lilipiga marufuku shindano lisionyeshwe kwenye televisheni ya taifa, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo. Rais Sam Nujoma wa Namibia naye alitaka shirika lao la utangazaji liache kulionyesha, lionyeshe historia ya nchi badala yake. Hoja iliyosikika zaidi ilikuwa maadili, kamera za bafuni na mengineyo, na wazazi wengi waliiunga mkono kwa dhati. Mimi naona kulikuwa na la pili. Kijana ambaye hakuteuliwa na wizara wala chama alikuwa amebeba bendera, na bara zima linamtazama yeye.

Tusilipambe jumba kupita kiasi, jamani. Ilikuwa biashara. Meseji zililipiwa, na king'amuzi cha DStv hakikuwa cha kila nyumba. Mwaka 2003 Kinshasa haikuwamo, Dakar haikuwamo, Cairo haikuwamo. Hiyo "Afrika" ilikuwa pale soko lilipofika.

Hata hivyo, baada ya 2014 BBA haikurudi. Mwaka 2017 tukapata Big Brother Naija, yenye pesa nyingi na kelele nyingi zaidi, lakini wanaoingia ni Wanigeria. Mwaka 2023 ikaja Titans, nchi mbili, Nigeria na Afrika Kusini, akashinda Khosi Twala. Siku hizi usiku wa kwanza wa Naija tunautazama kama wageni kwenye harusi ya jirani: chakula kizuri, muziki mzuri, ila hakuna ndugu yetu pale mbele.

Wengi wanasema BBA ilikufa kwa sababu watu waliichoka. Mimi ninachokikosa ni ile hesabu yake. Ilimlazimu Mtanzania ajiulize Mghana anamwonaje, na Mnigeria ambembeleze Mmalawi. Niambieni, ni shindano gani leo linalotulazimisha hivyo? Na kama lingerudi kesho, wewe ungempeleka nani, na atawaambia nini wale ambao si wa kwao?