Sisi Tulikuwa Upande Gani?

Tulipokuwa tukiishi Maskati, babaangu alikuwa na ada moja. Kila ikifika siku ya mapumziko tunapakia mahamri, mbaazi na chupa ya chai garini, tunakwenda kutazama ngome. Sisi watoto wa Mombasa tulinung'unika. Ngome gani tena? Kwani ile yetu ya Ngomeni haitoshi?

Siku moja tulikwenda Jabrin, karibu kilomita 200 kutoka Maskati. Kumbe hii ni ngome na kasri kwa pamoja. Aliyeijenga, katika karne ya 17, ni Imamu Bil'arab bin Sultan wa ukoo wa Ya'ariba, mtu aliyependa elimu. Dari zimechorwa maua, na juu palikuwa na madarasa. Chumba cha Jua na Mwezi kina madirisha saba chini na saba juu: hewa baridi huingia chini, ya moto ikatokea juu. Feni ya nini? Ghalani nako, sakafu ina vijifereji. Tende zikirundikwa, asali yake hutiririka mpaka mtungini. Mdogo wangu alipitisha kidole akakiramba, eti anajaribu.

Halafu tukashuka kwenye kaburi. Bil'arab amezikwa mumo humo nyumbani mwake. Nduguye, Seif bin Sultan, alimpinga akataka uimamu, akamzingira, na Bil'arab akafia ndani mnamo 1692 hivi.

"Huyu Seif mnamjua," baba akasema.

Tukatikisa vichwa.

"Mnamjua sana. Ndiye aliyepeleka majahazi Mombasa."

Basi nywele zilinisimama. Ngome ya Mombasa ilijengwa na Wareno kuanzia 1593. Majeshi ya Seif yaliizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Shuleni tulikariri sentensi moja tu: Waarabu waliwafukuza Wareno. Tukapata alama zetu, yakaisha. Hakuna aliyetuambia kuwa ndani ya zile kuta walikuwamo Waswahili pia, akiwamo Bwana Daud wa Faza na jamaa zake, maradhi yakiwamaliza pamoja na Wareno. Wala kwamba mtu aliyewazingira alikwisha kumzingira nduguye wa damu.

Tulikula mahamri chini ya mtende, yamepoa. Nikamuuliza baba swali ambalo hata leo linanifanya nishike kalamu:

"Sisi tulikuwa upande gani?"

Alimimina chai kwanza. "Wengine ndani, mwanangu. Wengine nje."

Wewe unayesoma haya na unatamani kuandika, siku ukipita Ngomeni usiishie kupiga picha na mizinga. Hiyo sentensi ya shuleni bado ni fupi mno. Njoo tuirefushe.